Wimbo wa Mwalimu Ruma na Ijumaa Zangu

Manka mwanangu,

Shuleni mlifundishwa kuanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Umepita hapa dukani saa nane, kanga mpya begani, ukienda kumuaga bibi yako, ukanipungia mkono. Hali yangu utaijua ukifika mwisho.

Naandikia juu ya meza ya kazi. Nimefunga ubao mmoja wa mlango, mwingine nimeuacha wazi kwa ajili ya mwanga. Mambo ya chandarua, ya dawa ya tumbo, ya kutoazimisha ndoo yako kwa kila mtu, mama yako amekwambia yote, na mengine amekwambia mara tatu. Mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja ambalo nimekuficha mwaka mzima, na sijui kulisema kwa mdomo, maana mdomo wangu umezoea kusema "njoo Ijumaa."

Mama yako amenipa mpaka leo jioni. Alisema asubuhi akimenya ndizi, bila hata kuniangalia:

"Baba Manka, huyu mtoto hapandi basi la Mbeya kabla hajajua. Umwambie wewe, au nimwambie mimi. Na mimi nikisema, unanijua."

Namjua. Kwa hiyo jioni nitapanda na bahasha hii mpaka nyumbani, nitakupa mkononi, halafu nitakwenda kukaa bandani na ng'ombe mpaka umalize kusoma. Ukishamaliza utaamua kama kesho nikusindikize stendi au akusindikize mama yako peke yake. Sitabisha.

Lakini nianze na wimbo, kwa sababu bila wimbo utadhani jambo lenyewe lilitokea mara moja, kwa bahati mbaya. Halikuwa la bahati mbaya. Nilikwisha kulifanya kabla hujazaliwa.

Wimbo wenyewe unaujua. Ni ule niliokuwa nikikubembeleza nao, wenye maneno tusiyoyaelewa, ambao bibi yako alimpelekea padri kesi akiuliza kama ni dhambi. Padri aliuliza, "Mtoto analala?" Bibi akasema analala. "Basi mwacheni alale." Umeuimba tangu ukiwa na miaka mitatu, na kila ukifika katikati unaruka, kama mtu anayevuka mfereji. Unadhani ndivyo ulivyo. Sivyo. Pale palikuwa na kitu, na aliyekitoa ni mimi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na watu waliokuwa wakipanga foleni ya sabuni wakaanza ghafla kutembea na redio kaseti za vioo viwili begani. Mimi ufundi nilijifunza kwa kufungua redio ya baba yangu na kushindwa kuifunga. Hizo kaseti zilipoingia sikuwa nazijua, ila nilikuwa na bisibisi na uso wa mtu anayejua, na kwa mji wa Moshi wa wakati ule hivyo vilitosha.

Siku moja akaja mwanamke mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu kwenye shule ya wasichana huku juu Kibosho. Walikuwa wametoka Bengali yeye na mumewe, mtaalamu wa maji aliyekuwa akihangaika na mifereji ya mpunga kule Kahe. Mji mzima ulimwita Mhindi, naye alikuwa amechoka kuusahihisha. Jina lake Ruma. Kiswahili alifundishwa na wanafunzi wake, kwa hiyo alikiongea kwa lafudhi ya Kibosho kabisa. Ukifumba macho ungedhani ni shangazi yako.

Akaweka redio kaseti mezani. "Fundi, inaimba kama mlevi. Lini nije?"

"Njoo Ijumaa, Mwalimu."

Ugonjwa wake ulikuwa mdogo. Belti ilikuwa imelegea. Nilikuwa na nyingine kwenye mashine iliyokwisha kufa, nikaibadilisha, dakika ishirini hazikufika. Fundi akimaliza kazi hujaribu, na hujaribu kwa kanda aliyoikuta ndani. Nikabonyeza.

Mwanangu, sisi tunakotoka tunaimba kanisani, tunaimba harusini, na tunaimba penye pombe ya mbege, na kote huko tunaimba ili tusikike mpaka ng'ambo ya korongo. Huyu mama niliyemsikia mle ndani hakuwa akimwimbia mtu. Alikuwa mtu mzima. Hakukuwa na ngoma wala kinanda. Nyuma yake palikuwa na kunguru, na kitu kama mfuniko wa sufuria. Aliimba kama mtu anayekunja nguo zilizokauka, moja baada ya nyingine, na mawazo yake yako mbali. Kila nilipodhani sauti itashuka, ilipanda kidogo na kukaa huko juu, bila haraka, kisha ikashuka kwa njia nyingine ambayo sikuiona. Sikuelewa neno hata moja. Nilijikuta nimeshika koleo hewani, na chai yangu imepoa.

Nikarudisha mwanzo. Nikarudisha tena. Sikujua kama anasifu, analia, au anahesabu kuku. Nilichojua ni kwamba mtu mmoja, mahali nisipopajua, alikuwa amechoka kwa namna ile ile ninayochoka mimi, ila yeye alikuwa ameipatia sauti.

Ijumaa ikafika, na Mwalimu Ruma akafika. Redio ilikuwa tayari chini ya meza, imefunikwa gunia.

Nikamwambia, "Spea haijafika, Mwalimu. Inatoka Nairobi. Njoo Ijumaa ijayo."

Uongo huo ni wa kila fundi. Tunausema hata kwa redio iliyokwisha pona, ili mteja asidhani kazi ilikuwa nyepesi. Lakini siku ile sikuusema kwa ajili ya kazi. Niliusema ili wimbo ubaki.

Nilitaka sana kujua maana yake. Na tazama akili yangu: mtu pekee mjini aliyeweza kuniambia ni yule nisiyeweza kumuuliza, maana nikimuuliza atajua redio inafanya kazi. Nikamwita Kanji, jirani yangu wa duka la vyuma, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Moshi. Akasikiliza, kichwa ameinamisha.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini? Si Kihindi hiki?"

"Kihindi kipi? Mimi Mgujarati. Wewe ukimsikia Mmakonde anaimba, unajua anasema nini?"

"Mimi Mchaga, bwana."

"Haya. Na mimi niache nikauze misumari." Akafika mlangoni, akasimama. "Lakini mama anaimba vizuri. Rudisha kidogo."

Kwa hiyo nikajifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha kila kitu. Nilichukua daftari nikaandika sauti kwa herufi zetu, jinsi sikio lilivyosikia, bila kujua neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Wiki ya pili nikaweza kuuimba nusu. Mwalimu Ruma akaja Ijumaa ya pili, ya tatu.

"Fundi," akaniambia, mikono kiunoni, "Ijumaa yako wewe ni ya mwezi gani? Mimi nafundisha hesabu, nipe hesabu."

"Mpaka wa Namanga una matatizo, Mwalimu."

"Mpaka! Wanafunzi wangu nao wakikosa kazi ya nyumbani wanasema mbuzi amekula daftari. Nyie ni ndugu moja?"

Nilicheka naye, gunia likiwa mguuni pangu.

Wiki ya nne mashine ikatafuna mkanda. Nilikuwa nimeurudisha mara nyingi mno mahali pale pale, ukalegea, ukaingia kwenye gurudumu. Nikauchomoa taratibu, ukaja umekunjamana kama utumbo wa kuku. Kipande kirefu kidogo kuliko kidole kilikuwa hakifai tena. Nikakikata kwa wembe na kuunga kwa gundi ya karatasi. Na nikuambie ukweli, nilifurahi. Kwa sababu nilikuwa naujua wimbo ule kwa moyo, nikaona kwamba kilichopotea si wimbo. Ni pale katikati ambapo yule mama anaacha kuimba, anasema neno moja, kisha anaendelea. Nikasema moyoni, bahati nzuri, nimekata takataka tu. Jioni ile nikanakili kanda nzima kwenye kanda yangu, na Ijumaa nikamrudishia redio yake.

Hakuondoka nayo hivi hivi kama nilivyotegemea. Akaiwasha hapo hapo, akasikiliza amesimama, macho kwenye sakafu. Wimbo ukafika pale, ukaruka. Akarudisha. Ukaruka tena.

"Hapa kuna kitu," akasema.

"Kitu gani, Mwalimu?"

"Hapa mama ananiita. Anaimba, anaona mvua inakuja, anaacha kuimba ananiita niingie ndani. Jina la nyumbani. Hilo jina hakuna mwingine aliyeniita." Akazima redio. "Mama hayupo tena, fundi."

Nilikuwa na nafasi, Manka. Duka halikuwa na mtu mwingine. Angenikasirikia, labda angenipiga na mkoba, tungemaliza. Nikasema:

"Kanda za zamani, Mwalimu. Ilifika hapa imeshatafunwa. Nimejitahidi."

Akatikisa kichwa pole pole. Kisha akaniambia, "Asante kwa kuokoa hiki kilichobaki." Na Jumatatu akaniletea vitamu alivyopika mwenyewe kwa maziwa, kwenye kibakuli kilichofunikwa kitambaa. Nilivila vyote. Vilikuwa vitamu sana, na nilijiona mbwa.

Unajua kwetu mtu akikosa hufanya nini. Hukata sale, ule mmea wa majani marefu, kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo, hulifunga fundo jani lake moja, humpelekea aliyemkosea. Na unajua kwamba aliyeletewa sale hakatai kusamehe. Hata kama ni damu, hakatai. Basi nikakata sale nzuri, shina na majani yake, nikafunga fundo, nikapanda mpaka nyumbani kwake pale shuleni. Akafungua mlango.

"Karibu fundi. Ua gani hili?"

"La kwetu, Mwalimu."

"Zuri. Asante."

Nikageuka nikashuka. Unaona ujanja wangu? Nilimwomba msamaha kwa lugha asiyoijua. Nilijiambia tuko sawa, kanda yake imeniimbia nisichoelewa, nami nimemwambia asichoelewa. Alilitia kwenye chupa ya maji dirishani, likatoa mizizi, akalipanda karibu na mlango.

Lakini nilisahau anafundisha wasichana wa Kibosho. Haikupita wiki akaja dukani.

"Fundi, wanafunzi wananiuliza, 'Mwalimu, nani kakukosea?' Wanacheka. Wameniambia maana ya lile jani. Ulinikosea nini?"

Nafasi ya pili hiyo, mwanangu. Ilikuja yenyewe kwa miguu yake mpaka mezani kwangu, ikasimama.

"Ni kwa zile Ijumaa, Mwalimu. Nilikuzungusha."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Hizo? Hizo nimekusamehe zamani!"

Basi nikasamehewa kosa dogo ili kosa kubwa likae vizuri. Mkataba wao uliisha, wakaondoka. Sikumwandikia. Ulipozaliwa nikakuimbia wimbo wa mama yake, na pengo langu ndani yake, na kanda yenyewe ikafa ulipokuwa darasa la tano. Siku hizi huku kwetu wimbo ule uko kwenye koo zetu wawili tu, na maana yake sijaijua mpaka leo. Jina lile la nyumbani nililisikia labda mara mia mbili kabla ya kulikata, na sikukumbuka kuliandika kwenye daftari, kwa sababu halikuwa wimbo.

Sasa nifike kwako.

Mwaka jana vuli zilipoanza nilikwenda kwenye sanduku la posta na ufunguo wangu, nikakuta barua ya chuo. Ina jina lako. Niliifungua nikijiambia huenda kuna la haraka. Lilikuwepo. Ulikuwa umechaguliwa, na ulitakiwa uripoti ndani ya wiki tatu.

Ulichaguliwa, Manka. Mara ya kwanza ulipoomba. Rudia kuisoma sentensi hiyo kama nilivyokuwa narudia kanda.

Nilirudi nayo dukani. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti hiki, unauza vocha, huku umefungua simu ya mteja kwa bisibisi yangu ndogo, unaimba. Ulifika katikati, ukaruka, ukaendelea. Nilifikiria kaka zako wawili. Mmoja yuko Dar anapiga simu akitaka kitu, mwingine hata Krismasi hapandi tena huku mlimani, mama yako anampikia na chakula kinalala. Nikavuta droo ya spea mbovu, nikaweka barua chini ya makoili. Nikasema nitampa Ijumaa.

Sikusema sitampa. Naapa sikusema hivyo. Nilisema Ijumaa. Ikaja Ijumaa, ulikuwa umetupikia mtori na tulikuwa tunacheka, nikasema ijayo. Ijayo ikaja. Ya tatu ilipopita, tarehe nayo ikawa imepita, na sasa kukupa ingekuwa ni kukuonyesha tu nilichofanya. Kwa hiyo nikafunga droo vizuri.

Halafu kuna siku ile rafiki yako alipokuja kuaga, anakwenda chuo, amevaa viatu vipya. Alipoondoka ulikwenda nyuma ya migomba ukakaa muda mrefu. Ulirudi macho mekundu, ukaniambia, "Baba, labda mimi sina akili kama nilivyokuwa nafikiri." Nilikuwa nalehemu waya. Nikakujibu Mungu ana mpango wake. Nikamsingizia Mungu, ambaye hata ufunguo wa sanduku la posta hana.

Mwaka huu uliandika namba yako ya simu kwenye fomu, wakakupigia wenyewe. Hiyo simu iliniondolea kazi ya kuwa mwaminifu, kazi ambayo nilikwisha kuonyesha siiwezi.

Mama yako aliikuta barua wiki iliyopita, alipokuja hapa dukani kutafuta kufuli la sanduku lako. Hakupiga kelele. Aliitoa kwenye droo, akaiweka mezani mbele yangu, akasema, "Wewe na droo yako." Tangu siku hiyo ananipakulia chakula bila neno, na ninyi wengine mnadhani ana mafua.

Ningeweza kumwomba aniachie mpaka ufike, nikuandikie taratibu. Nilimwomba, sikufichi. Alikataa. Lakini hata kama angekubali, kuna kitu cha Jumapili. Kwenye chakula cha kukuaga ulisimama mbele ya wajomba na shangazi zako wote, ukasema, "Namshukuru baba. Mwaka huu wote nilipokosa chuo, hakunisema hata siku moja." Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia sahani. Nilikuwa nimekwisha sikia shukrani ya namna hiyo mara moja maishani, na ile ya kwanza bado ina ladha ya maziwa.

Nimechoka, Manka. Siyo kazi iliyonichosha. Uongo mdogo unahitaji kuamshwa kila asubuhi na kuvalishwa. Nimeuvalisha miaka ishirini na zaidi kwa Mwalimu Ruma, na mmoja kwako.

Mafunzo niliyonayo ni machache na hayatoshi kumpa mtu anayesafiri. Nimegundua tu kwamba nikikipenda kitu cha mtu, mkono wangu unakuwa mzito kukirudisha, na wakati ninakishikilia ndipo ninapokikata mahali nisipojua thamani yake. Kwa Mwalimu nilidhani nimekata takataka. Kwako nilidhani nimekata mwaka mmoja tu. Kumbe nilikata lile la kujiona una akili. Wewe una mikono yangu, kila mtu anasema. Uiangalie.

Na ule wimbo, ukiuimba huko Mbeya, usiruke tena kama mtoto. Ukifika pale, nyamaza kidogo. Kuna mama anaona mvua inakuja, anamwita mwanawe.

Kesho asubuhi usiponiamkia, sitauliza kwa nini, na sitamruhusu mtu mwingine akuulize. Masanduku nitayabeba mpaka barabarani kwa vyovyote, maana hayo hayana ugomvi na mtu.

Asubuhi hii kabla sijashuka nilikwenda mpakani nikakata sale. Nimeifunga fundo, iko hapa mezani karibu na bisibisi. Nilikuwa niitie kwenye bahasha. Halafu nikakumbuka kwamba aliyepewa sale hakatai, na wewe umelelewa vizuri, ungeipokea na kunisamehe jioni hii hii kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Nimekwisha kukuamulia mambo ya kutosha. Nimelifungua fundo. Siku ukiitaka sale, sema, hata kama ni baada ya miaka, nitaileta kwa miguu mpaka Mbeya.

Kwa hiyo humu ndani mna barua mbili tu, hii yangu na ile yako. Yako nimeifuta vumbi la makoili. Ina jina lako, imeandikwa vizuri, kwa herufi kubwa.

Baba yako